Thora Mikkelsen Aagard, Mwanamke wa Makaburi Mawili

Askofu wetu, viongozi wa kata yetu ya kanisa, akina Threlkeld mlioketi upande wa kulia na akina Aagard mlioketi upande wa kushoto, majirani, na ninyi mliotoka mbali na theluji hii, familia inawashukuru kwa kufika, na imemtuma mjukuu wa marehemu, Signe, asimame hapa awasomee maisha ya bibi yake, ambayo marehemu aliyasimulia kwa kinywa chake mwenyewe tangu Novemba hadi juma lililopita, akaagiza yasomwe yote bila kupunguzwa, na watoto wake wote watatu wameyasikia na kuridhia. Wapo watakaosema kwamba mimbari si mahali pa habari za namna hii. Marehemu aliyasikia maneno hayo kwa miaka sitini, akayatii, na utii wake haukumsaidia yeye wala mwanamke mwingine yeyote katika bonde hili, kwa hiyo leo tunajaribu njia nyingine.

Marehemu Thora alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 hapa Birkdal, bonde la Sanpete, jimbo la Utah, katika nyumba ya mawe iliyo nyuma ya kinu cha zamani, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa mzee Soren Mikkelsen na mkewe Hulda. Mababu zake walitoka Denmark, wakavuka nyika kwa magari ya ng'ombe mwaka 1863, wakafika wote wazima, jambo ambalo katika bonde hili ni karibu aibu, maana hapa heshima ya ukoo hupimwa kwa makaburi mliyoyaacha njiani. Akina Threlkeld wao walivuka kwa miguu mwaka 1856 wakivuta mikokoteni kwa mikono, theluji ikawakuta mlimani, wakazika watoto wawili chini ya mawe na kuendelea kuimba, na ndiyo sababu kila tarehe 24 Julai, sikukuu ya watangulizi, wao hutangulia kwenye maandamano na akina Mikkelsen hufuata nyuma wamebeba keki.

Alibatizwa alipotimiza miaka minane, tarehe 23 Februari 1946, akasoma shule ya msingi ya hapa Birkdal kuanzia 1944, akaendelea na sekondari na kuhitimu Mei 1956 akiwa wa tatu katika darasa lake, kisha akaenda mwaka mmoja katika chuo cha bondeni kusomea ualimu. Alipenda hesabu na alipenda kubishana, na wenzake walimtania kwamba angezaliwa mwanamume angekuwa askofu, yeye akawajibu kwamba angezaliwa mwanamume angekuwa amelala saa hizi huku dada yake akimwoshea vyombo. Hakumaliza chuo. Majira ya kuchipua ya 1957 Vaughn Threlkeld alirudi kutoka misheni ya kuhubiri Uingereza, mrefu, sauti nzito, mjukuu wa watu walioimba kwenye theluji, akamwona Thora kwenye dansi ya kata, na baada ya majuma sita wakachumbiana, na hakuna aliyeshangaa, maana kwetu ndivyo tunavyofanya, kijana akirudi misheni huambiwa atafute mke kama anayeambiwa atafute koti kabla ya baridi.

Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1957 katika hekalu lililo juu ya kilima kule Manti, wakaunganishwa kwa wakati huu na kwa milele yote. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu maisha yote yaliyofuata yanasimama juu ya siku hiyo. Sisi ambao majirani wanatuita Wamormoni hatuapi mpaka kifo kitutenganishe, tunaamini kwamba kilichofungwa pale hakifunguliwi na kaburi, na wazee wetu waliongeza mafundisho ya jikoni kwamba asubuhi ya ufufuo ni mume atakayesimama juu ya kaburi na kumwita mkewe kwa jina, naye ataamka na kumfuata. Kwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa aliyependa, hilo ni jambo zuri kuliko yote yanayoweza kusemwa. Kwa Thora lilikuwa zuri mpaka mwezi wa Septemba.

Nyumba waliyopewa na wakwe ilikuwa na ghala chini ya sakafu, kama nyumba zetu nyingi, lenye mitungi ya pichi na pea na magunia ya ngano ya kutosha mwaka mzima, kwa ajili ya siku za dhiki. Vaughn alikuwa akimfungia humo. Hakumfungia kwa hasira, na hilo ndilo marehemu alilolirudia mara nyingi, alimfungia kwa utulivu, baada ya sala ya familia, kwa sababu supu ilikuwa ya moto sana au kwa sababu alimjibu mbele ya watu, na pale alipompiga alipiga mahali panapofunikwa na nguo. Jumapili alikaa mimbarini akabariki mkate wa sakramenti. Mwaka 1959 Thora alijaribu kurudi kwa mama yake akiwa na mimba changa, Vaughn akamfuata na gari, akamfungulia mlango kwa adabu mbele ya majirani, na walipofika barabarani akamwambia maneno ambayo marehemu aliyatamka kwa familia mwaka jana kwa mara ya kwanza: "Unakimbilia wapi, Thora? Hata ukifa unakuja kwangu. Huko ndiko hasa utakuwa wangu."

Tangu siku hiyo, ndugu waombolezaji, marehemu aliogopa kufa. Hakuogopa maumivu wala hukumu, maana alikuwa mtu wa imani kuliko wengi waliokaa kwenye viti hivi, na hapo ndipo mtego wake ulipokuwa, kwamba angekuwa na imani haba angecheka na kulala. Aliamini kila neno, kwa hiyo aliamini na hilo.

Mtoto wao Royce alizaliwa tarehe 12 Aprili 1960, na tarehe 3 Novemba 1962 trekta lilipinduka kwenye mfereji wa maji upande wa mashariki wa shamba, Vaughn akafa papo hapo akiwa na miaka ishirini na tisa. Kata nzima ililia. Mama yake, mama mkwe wa marehemu, Mama Zilpha Threlkeld, hakulia mbele ya watu, ila majira ya kuchipua yaliyofuata alisimamisha jiwe la granaiti katika makaburi ya juu, kwenye eneo la ukoo, lenye picha ya hekalu, jina la Vaughn na tarehe zake mbili, na kando yake jina la Thora na tarehe yake moja. Ni desturi yetu, wengi wenu mnayo majina yenu pale mkiwa hai na mnayaona kama kitanda kilichotandikwa mapema. Thora alikuwa na miaka ishirini na mitano. Kila mwisho wa Mei, siku ya kupamba makaburi, alipiga magoti na kopo la maua ya peoni mbele ya jina lake mwenyewe, Mama Zilpha amesimama nyuma yake akisema kwamba nafasi inamtosha vizuri.

Tarehe 22 Agosti 1964, sebuleni kwa askofu wa wakati huo, marehemu aliolewa na Verl Aagard, mfugaji wa batamzinga, ndoa ya wakati huu tu, kwani mwanamke aliyekwisha kuunganishwa na mume mmoja haunganishwi na wa pili akiwa hai. Verl alikuwa mfupi, mwenye mvi tangu ujanani, mcheshi wa pole pole, na alikuwa na dhambi moja iliyojulikana bonde zima, nayo ni kahawa. Aliamka alfajiri kwenye baridi ya kukata masikio kwenda kwa ndege wake, na hakuweza kwenda bila kikombe, na kwetu kahawa ni mwiko, inatosha kumzuia mtu asiingie hekaluni, kwa sababu askofu atakuuliza uso kwa uso, na Verl alikuwa hawezi kudanganya hata batamzinga. Wenzake kwenye kiwanda cha kuchinjia walimtania kwamba kikombe kimoja kinamnyima umilele, naye akawajibu: "Umilele ni mrefu, utanisubiri. Asubuhi ni fupi na ina baridi."

Walijaliwa watoto wawili, Merlene aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1966, na Niels aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1969. Verl aliwaogesha, akawafundisha kupanda farasi, akamlea Royce bila kumbagua, na akaling'oa kufuli la mlango wa ghala siku ya kwanza aliyoingia nyumba ile, bila kuuliza lilikuwa la nini, kwa sababu aliona jinsi mkewe alivyolitazama. Lakini kwa mafundisho yetu, watoto wa mwanamke aliyeunganishwa huzaliwa ndani ya agano lake lile la kwanza, na majina yao huandikwa humo. Kwa lugha ya mtaani, Merlene na Niels walikuwa watoto wa Verl mpaka kaburini, na kuanzia kaburini walikuwa watoto wa mtu aliyekufa miaka minne kabla ya wa kwanza kuzaliwa. Mama Zilpha hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu, akamwita fundi akachonga majina yao nyuma ya lile jiwe la granaiti, chini ya jina la Royce.

Watoto hawakuelezwa. Walijua tu kwamba kila mkesha wa Krismasi walikwenda nyumba kubwa ya akina Threlkeld, kwa sababu ya Royce, na kwamba pale kulikuwa na sanduku la mbao lililovuka nyika juu ya mkokoteni mwaka 1856, na kila mtoto alipanda juu yake kwa zamu, akasema kwa sauti jambo moja analolitamani, wakubwa hawaruhusiwi kucheka, na mkuu wa ukoo hujibu moja kati ya mawili, "na iwe" au "ngoja". Wengi waliomba sledi za kutelezea thelujini na wanasesere na mbwa, na Mama Zilpha, tumpe haki yake, hakuwa mchoyo wa "na iwe". Mkesha wa mwaka 1972 Merlene alikuwa na miaka sita, na juma lile mtoto mwenzake wa shule ya Jumapili alikuwa amemwambia kwamba jina lake liko kwenye jiwe la makaburini, nyuma ya jina la mtu mwingine, akaenda akaliona. Alipanda juu ya sanduku na viatu vyake vipya, akasema anataka Baba awe baba yake mpaka mbinguni.

Mama Zilpha alikaa na mikono yake juu ya mapaja, hakusema na iwe, hakusema ngoja, alimtazama mtoto kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, akasema: "Wewe ni wa Vaughn, mwanangu. Na mama yako ni wa Vaughn. Wote tunakwenda kwa Vaughn." Verl alikuwa amesimama mlangoni na koti lake mkononi, mtu ambaye hakuwahi kumjibu mwanamke mzee tangu azaliwe, na alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Threlkeld, kucha za huyu mtoto nazikata mimi." Kisha akamshusha Merlene kutoka kwenye sanduku, wakarudi nyumbani kwa miguu kwenye theluji, wote wanne, na Royce akabaki kwa bibi yake, kwa sababu Royce alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuelewa kwa nini mama yake analia kusikia jina la baba ambaye picha yake ilikuwa juu ya kitanda chake.

Kwa upande wa kazi, marehemu aliajiriwa mpishi wa shule ya msingi Birkdal kuanzia Agosti 1971 hadi alipostaafu Juni 1997, na wengi wenu mliopo hapa mmekula mikate yake ya mdalasini na mmenyimwa mwingine mpaka mmalize maharage. Katika kata alifundisha watoto nyimbo kwa miaka kumi na tisa, akawa kiongozi wa umoja wa kina mama mara mbili, akawavalisha marehemu wa kike wa bonde hili nguo zao za hekaluni kwa mikono yake, na kila alipomvalisha mmoja alirudi nyumbani akanawa, akakaa karibu na Verl.

Mwaka 1983 alikwenda kwa askofu akaomba muungano wake na Vaughn ufutwe. Askofu yule, ambaye naye ametangulia, alikuwa mtu mwema, akamsikiliza, akamuuliza sababu, na Thora akashindwa kuisema, kwa sababu Vaughn alikuwa na mtoto hai aliyempenda, na kwa sababu kwetu humsemi vibaya marehemu aliyebariki mkate. Askofu akamwambia asiwe na wasiwasi, mambo kama haya yatanyooshwa ng'ambo ya kaburi. Mwaka 1990 Verl aliacha kahawa. Aliumwa kichwa majuma mawili, akagombana na batamzinga, akaulizwa uso kwa uso akajibu kweli, akapewa ruhusa ya hekalu, ili pasiwepo tena wa kusema kwamba mkewe anaomba kufunguliwa wakati hana wa kumfunga upya. Ombi likapelekwa kwa kiongozi aliye juu ya askofu, naye akaona ni adabu kwanza kuwauliza akina Threlkeld. Mama Zilpha, akiwa na miaka themanini na sita, akajibu hapana. Royce, akiwa na miaka thelathini, mwenye mke na watoto, alikwenda jikoni kwa mama yake akamwambia, "Mama, baba yangu hana kitu kingine. Ana sisi tu. Unataka kumwacha peke yake huko?" Thora alimtazama mwanawe, akamkatia mkate wa mdalasini, akasema basi, yaishe. Kiongozi naye akasema yatanyooshwa ng'ambo.

Naomba tuliangalie neno hili, kwa sababu marehemu aliambiwa hivyo na viongozi watano kwa muda wa miaka arobaini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya. Mtu anasema ninaogopa kule, anajibiwa kule kutamtengenezea. Mama Zilpha alifariki 1995. Verl alifariki tarehe 6 Machi 2011 kwa ugonjwa wa mapafu, akazikwa makaburi ya chini karibu na mierebi, kwenye eneo la akina Aagard, na marehemu alipokwenda tena kwa askofu kuuliza, akaelezwa kwa furaha kwamba siku hizi inawezekana, mwanamke akishakufa, jamaa zake wanaweza kumuunganisha hekaluni na waume zake wote wawili, na yeye atachagua huko. Yaani afe kwanza. Marehemu alimsimulia mjukuu wake huyu anayewasomea jambo hilo wakimenya viazi, na mjukuu akapandwa na hasira, akasema atakwenda kubishana na huyo askofu, na bibi akamwambia aache, amenye vizuri, maganda yanabeba kiazi kizima. Baadaye kidogo akaongeza kwamba kuchagua ni neno la mtu ambaye hajawahi kufungiwa mlango.

Ugonjwa ulianza Machi 2022, miguu ikajaa maji, moyo ukachoka, akalazwa mara tatu katika hospitali ya bondeni, na Oktoba 2023 madaktari wakasema arudi nyumbani, akahamia kwa Merlene. Tulidhani sasa atatulia. Ilikuwa kinyume chake, alikataa kusinzia, alikaa ameegemea mito na macho wazi, anasoma maandiko kwa sauti mpaka sauti inakauka, na mtu akiingia chumbani ghafla alishtuka na kutazama kwanza mikono ya aliyeingia. Mlezi aliyetumwa na hospitali akatuuliza kama bibi aliwahi kuwa vitani.

Tarehe 18 Novemba 2023 alimwita Royce, akaomba wengine watoke isipokuwa Merlene, akamweleza mwanawe yote, ghala, kufuli, barabara, maneno ya garini. Royce, ambaye ana miaka sitini na mitatu na amewahi kuwa askofu wa kata hii, alisikiliza na kofia mikononi. Hakubisha. Aliuliza swali moja tu, yeye alikuwa wapi.

"Ulikuwa kitandani kwako, mwanangu," marehemu alimjibu. "Ulikuwa unalia. Nilikuwa nakusikia kupitia mbao."

Royce alitoka nje, akakaa kwenye gari lake mpaka vioo vikaganda, kisha akarudi ndani akaomba msamaha kwa lile neno la jikoni, na mama yake akasema lile lilikuwa neno la mtoto mzuri, na ndiyo maana lilimfunga kuliko kufuli. Hapo ndipo alipotoa maagizo yake. Azikwe chini, kwenye mierebi, kando ya Verl. Jina lake juu ya jiwe la Vaughn lisifutwe wala lisiongezewe tarehe, liachwe kama lilivyo, na Vaughn akiamka alisome peke yake. Na akivalishwa nguo za hekaluni, zile alizowavalisha wenzake, uso wake usifunikwe kwa shela kama ilivyokuwa desturi ya zamani. Merlene akamuuliza kwa nini, na marehemu akasema anataka amwone anayekuja kabla yeye hajaonwa.

Mkesha wa Krismasi uliopita tulikusanyika kwa Royce, ambako lile sanduku la watangulizi liko sasa, vitukuu wakapanda kwa zamu wakaomba simu na paka na ndugu mdogo asiyepiga kelele, na Royce, ambaye ndiye mkuu wa ukoo, akawajibu na iwe, ngoja, na ngoja sana. Kisha marehemu akaomba kusogezwa. Hakuweza kupanda, akaweka kiganja chake juu ya ubao, mwanamke wa miaka themanini na mitano ambaye hakuwahi kuomba kitu juu ya sanduku lile, kwa sababu si la ukoo wake, akasema: "Naomba nisimkute."

Kitukuu mmoja akauliza asimkute nani, akanyamazishwa. Royce alisema, "Mama, mimi sina uwezo huo." Na marehemu akamwambia, "Najua huna. Wewe sema tu." Royce akasema na iwe.

Hatutawaambia kwamba baada ya hapo alikuwa na amani, kwa sababu hatukuiona. Alikula zaidi, alimtania Niels kuhusu upara wake, lakini taa ya chumbani hakuruhusu izimwe. Mchana wa tarehe 16 Januari 2024 aliacha kusoma, akatazama mlangoni kwa muda mrefu, akamuuliza Merlene ni nani yule amesimama pale. Merlene alitazama, hakuona mtu. Marehemu akakunja uso kama anayejaribu kumtambua mtu kwenye mwanga mbaya, akasema, "Mwambie sijamaliza kuvaa," na hakusema lingine. Hatujui alikuwa nani. Merlene anaamini ni baba yake, na sisi tunamwacha aamini, ila anayejua ni mmoja tu, naye yuko ndani ya jeneza hili mbele yenu. Alifariki tarehe 17 Januari 2024, asubuhi, macho yakiwa wazi. Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja na vitukuu kumi na tisa, na kati ya wajukuu hao yuko mmoja anayekwenda Manti mwezi wa Juni kuunganishwa na kijana aliyerudi misheni mwaka jana, na familia imeagiza jina lake lisisomwe leo. Yeye anajua kwamba tunasema naye, na wazazi wa kijana huyo wamo humu ndani. Tunachoomba ni kitu kidogo, kwamba binti akisema ninaogopa, mumuulize anaogopa nini, na mkae kimya mpaka amalize.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa hospitali ya bondeni, na kwa mlezi aliyeuliza lile swali ambalo sisi hatukuwahi kuliuliza. Tunawashukuru majirani walioondoa theluji mlangoni kwa Merlene kabla hatujaamka, na walioleta viazi vya jibini vingi kuliko vinywa, wapishi wenzake wa shule waliokuja na aproni zao chini ya makoti, na kina mama wa kata waliomvalisha na kuuacha uso wake wazi kama alivyoomba. Tunamshukuru askofu kwa kutoikata historia hii alipooneshwa jana, alichosema ni kwamba angependa iwe fupi zaidi. Nao viongozi waliomwambia yatanyooshwa ng'ambo, walio hai na waliotangulia, tunawaarifu kwamba amekwisha kuvuka, zamu sasa ni yenu.

Msafara ukitoka hapa utapinda kushoto, kwenda makaburi ya chini, si kulia. Akina Threlkeld wanakaribishwa, Royce atakuwa mbele.

Pumzika kwa amani, Bibi Thora. Ukisikia unaitwa, usiamke haraka, tega kwanza sikio uijue sauti, na kama si ya yule aliyeng'oa kufuli, lala, acha aite.